Tathmini ya bondi ya mafunzo kwa rubani mpya: unalipia nini, na unabaki na nini

Mkataba ninaoutathmini hapa ni bondi ya mafunzo ambayo kampuni moja ya ndege za abiria ya Afrika Mashariki huwapa marubani wasaidizi wapya kabla hawajaanza kurusha ndege yake ya pangaboi yenye viti takriban sabini. Nimeishi chini ya mkataba huu mpaka ukaisha muda wake. Kampuni siitaji jina, kwa kuwa maneno yaliyomo yanafanana sana na yale niliyoyaona katika mikataba ya kampuni nyingine ambayo wenzangu wamenionyesha, na rubani kijana anayesoma tathmini hii anaweza kukutana nayo mahali popote kati ya Nairobi na Dar es Salaam. Ninautathmini kama bidhaa kwa sababu una bei, una muda wa matumizi, na una mnunuzi ambaye mara nyingi hana mtu wa kumuuliza kabla ya kutia saini.

Kwa asiyejua utaratibu, mambo huenda hivi. Kampuni inakuajiri, inakulipia mafunzo ya aina ya ndege utakayoirusha, na wewe unaahidi kufanya kazi kwa kipindi fulani. Ukiondoka kabla ya kipindi hicho kwisha, unarudisha gharama, zote au sehemu yake. Katika mkataba huu gharama iliyotajwa ilikuwa dola 30,000 za Marekani na kipindi kilikuwa miezi 36. Pamoja na mkataba kulikuwa na hati ya ahadi ya malipo, yaani karatasi tofauti ambayo rubani anakiri kwamba anadaiwa fedha hizo tangu siku ile, na fomu mbili za wadhamini.

Nianze na mafunzo yenyewe, kwa sababu hayo yalikuwa mazuri na sitaki hasira ya vifungu iyafunike. Simuleta za ndege za namna hii hazipatikani katika kila mji. Marubani wa ukanda wetu hupelekwa Addis Ababa, Johannesburg au Ulaya, na huko kila saa ina bei yake. Kwanza unakaa darasani kujifunza mifumo ya umeme, mafuta, haidroliki na injini. Kisha mnaingia kwenye simuleta wawili wawili, mmoja akirusha na mwingine akisoma orodha ya ukaguzi, na mwalimu nyuma yenu anaanza kuharibu mambo. Zoezi ambalo kila rubani wa ndege ya injini mbili atalikumbuka ni lile la injini moja kuzimika wakati ndege imekwisha kupita kasi ambayo ungeweza kusimama ndani ya njia ya kurukia. Pua ya ndege inavutwa upande wa injini iliyokufa, mguu wako unasukuma usukani wa mkia kwa nguvu zote, mkono unashikilia mabawa yasilale, na mwalimu anasubiri kuona kama utakimbilia kugusa vitu au utatulia kwanza, ndege ipande, ndipo mtambue kwa sauti ni injini ipi. Aliyetoka kwenye Cessna Caravan ya injini moja, akipeleka watalii Serengeti au Maasai Mara, hajawahi kukutana na jambo hilo kazini. Mwalimu tuliyepewa alikuwa mvumilivu na hakumpitisha mtu kwa huruma.

Baada ya mtihani wa simuleta unaenda kwenye ndege halisi kufanya mizunguko ya kutua bila abiria, halafu unaanza safari za kawaida ukiwa na abiria chini ya nahodha mwalimu, mpaka ukaguliwe na kuruhusiwa kuruka na nahodha yeyote. Aina ya ndege inaandikwa kwenye leseni yako na mamlaka ya usafiri wa anga. Hiyo ndiyo mali ambayo rubani anaondoka nayo: popote penye ndege ya aina ile, mwajiri mwingine ataipa thamani, awe hapa nyumbani, Ghuba au Asia. Kwa hiyo hoja ya kampuni kwamba haiwezi kumlipia kijana mafunzo ya fedha nyingi kisha akachukuliwa na mshindani wake mwezi unaofuata ni hoja ya kweli, na sioni haki kwa anayeidharau. Kampuni za ukanda huu hazina mtaji wa kuwafundishia wengine marubani bure.

Tatizo linaanza pale unapouliza zile dola 30,000 zimetoka wapi. Mkataba ulitaja jumla moja tu. Hapakuwa na ankara ya chuo cha simuleta wala mchanganuo wa tiketi, hoteli na posho. Tulipoomba mchanganuo, tuligundua kwamba ndani ya jumla ile kulikuwa na mafunzo ya kanuni za kampuni, mafunzo ya bidhaa hatari, ya usalama wa anga, ya ushirikiano wa wafanyakazi ndani ya ndege, gharama za sare, na hata muda wa nahodha mwalimu katika zile safari zilizobeba abiria waliolipa nauli. Hapa ndipo ninapotofautiana kabisa na mwandishi wa mkataba. Mafunzo ya kanuni za kampuni hayana faida kwa mwajiri mwingine, kwa kuwa naye atakufundisha kanuni zake upya. Mafunzo ya bidhaa hatari na usalama ni wajibu ambao sheria za anga zinamwekea mwendeshaji wa ndege. Bila hayo haruhusiwi kukuweka kwenye chumba cha marubani. Na safari yenye nahodha mwalimu ni safari ya biashara ambayo kampuni imeshalipwa kwayo na abiria, huku wewe ukifanya kazi ya rubani msaidizi.

Umoja wa Ulaya umeligusa jambo hili kwa maandishi. Mwongozo wake Na. 2019/1152, ambao nchi wanachama zilitakiwa kuuingiza katika sheria zao kufikia Agosti 2022, unasema katika ibara ya 13 kwamba pale ambapo sheria au mkataba wa pamoja unamtaka mwajiri ampe mfanyakazi mafunzo ili afanye kazi aliyoajiriwa, mafunzo hayo yatolewe bila gharama kwa mfanyakazi, yahesabiwe kuwa muda wa kazi, na inapowezekana yafanyike ndani ya saa za kazi. Huko pia mabishano hayajaisha kuhusu mafunzo ya aina ya ndege, kwa sababu yenyewe yanampa rubani sifa ya kitaaluma anayoondoka nayo. Lakini mpaka uliochorwa unaeleweka, na ungeweza kutumika hapa kwetu bila kumwonea mtu: kinachobaki kwenye leseni ya rubani kinaweza kuwekewa bondi, na ambacho kampuni inadaiwa na sheria ibebe yenyewe.

Sasa tuangalie jinsi deni linavyopungua, kwa sababu ndipo fedha nyingi zilipo na ndipo wasomaji wengi wa mkataba hupita haraka. Kifungu husika kilisema kwamba deni litapungua kwa theluthi moja kila mwaka mmoja wa utumishi utakapokamilika. Ukisoma kwa haraka unaona ni haki. Chukua kalamu. Rubani anayeondoka baada ya miezi 23 amekamilisha mwaka mmoja tu, hivyo anadaiwa dola 20,000. Kama deni lingepungua kila mwezi kwa sehemu moja ya 36, rubani yuleyule angebakiza miezi 13, sawa na dola 10,833. Tofauti ni dola 9,167 kwa mtu ambaye amebakiza mwezi mmoja tu kutimiza mwaka wa pili. Kampuni imekwisha kupata huduma ya miezi yote ile, na hakuna gharama yoyote ya mafunzo inayoeleza kwa nini miezi 11 ihesabiwe kuwa sifuri.

Kuna jambo jingine lililojificha katika sentensi moja ya kifungu hichohicho: miezi 36 ilianza kuhesabiwa siku ya kupita ukaguzi wa mwisho wa njiani, yaani ule wa kwenye safari za abiria, wala haikuanza siku ya kuajiriwa au ya kumaliza simuleta. Ukaguzi huo unategemea kuwapo kwa ndege na nahodha mwalimu. Ndege moja ikiwa kwenye matengenezo makubwa na ratiba ikabana, rubani mpya anakaa ardhini, pengine kwa mshahara wa mafunzo, huku saa ya bondi haijaanza kutembea. Mwenzangu mmoja alikaa hivyo kwa muda mrefu mpaka alilazimika kurudi kwenye simuleta kwa sababu mazoezi yake yalikuwa yamepitwa na wakati, na gharama ya kurudi ikaongezwa kwenye deni lake. Katika vifungu vyote vya mkataba huu, hicho ndicho kilichonisikitisha zaidi, kwani kinampa mwenye ndege uwezo wa kurefusha kifungo kwa kuchelewa kwake mwenyewe.

Kisha kuna swali la nini hasa kinachowasha deni. Mkataba ulisema rubani atalipa akiacha kazi, akiachishwa kwa utovu wa nidhamu, akishindwa mafunzo, akipoteza cheti cha afya cha daraja la kwanza, au utumishi wake ukikoma “kwa sababu nyingine yoyote.” Maneno hayo manne ya mwisho yanabeba mzigo mkubwa. Yanajumuisha kupunguzwa kazi. Mwaka 2020 ndege zilipokaa chini duniani kote kwa sababu ya Uviko, na Comair ya Afrika Kusini iliposimama mwaka 2022 na kufilisiwa, marubani walipoteza ajira bila kosa lolote la mikono yao. Rubani wa hali hiyo, chini ya maneno kama haya, angetoka bila mshahara na bado akadaiwa.

Kuhusu cheti cha afya, nasema kwa uzito wote, hili ni suala la usalama wa abiria. Rubani hupimwa na daktari wa anga kwa vipindi vilivyowekwa, na mfumo mzima unategemea yeye aseme ukweli kuhusu moyo wake, macho yake, usingizi wake na hali ya akili yake. Ukimwekea deni la dola elfu kadhaa litakaloiva siku daktari atakapomnyima cheti, umempa sababu ya kunyamaza. Hakuna kiasi cha fedha ambacho kampuni itaokoa kwa kifungu hicho kinachofaa kulinganishwa na hatari hiyo. Vivyo hivyo kushindwa mafunzo: kampuni ndiyo iliyomsaili mwombaji, ikampima na kumchagua, na ni haki ibebe sehemu ya hasara ya uchaguzi wake.

Wadhamini nao wanastahili kuzungumziwa, maana hawa ndio hupata barua ya wakili rubani akishapanda ndege kwenda Doha. Mama wa mwenzangu mmoja, mwalimu mstaafu, aliitwa kutia saini akiwa na hati ya kiwanja mkononi. Alisoma ukurasa wa kwanza kwa utaratibu, akavua miwani, akamuuliza wakili, “Samahani baba, hapa ninamdhamini mwanangu kwa nusu au kwa lote?” Wakili akamjibu kwa heshima, “Kwa lote, mama. Wadhamini wanawajibika kwa pamoja na kila mmoja peke yake, kwa hiyo kampuni inaweza kumfuata yeyote kati yenu.” Mama akamgeukia kijana wake, “Ulilijua hili, mwanangu?” Hakulijua, kwa kuwa fomu ya mdhamini aliletewa asubuhi ileile na kutakiwa kuirudisha kabla ya darasa kuanza. Mkataba unaompa mtu saa chache za kuweka dhamana nyumba ya wazazi wake una kasoro hata kama kila kifungu chake ni halali.

Na uhalali wenyewe una mipaka ambayo rubani mpya anapaswa kuijua. Kwa Tanzania, kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamzuia mwajiri kukata mshahara isipokuwa makato yameruhusiwa na sheria, mkataba wa pamoja, amri ya mshahara, amri ya mahakama au tuzo ya usuluhishi, au mfanyakazi amekubali kwa maandishi kuhusu deni. Kwa hiyo ile sentensi ya “ninaidhinisha makato” iliyo chini kabisa ya hati ya ahadi ya malipo ina kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba kinasema kwamba pale mkataba unapotaja kiasi cha kulipwa ukivunjwa, anayedai anastahili fidia ya kiasi kinachofaa isiyozidi kiasi kilichotajwa. Maana yake zile dola 30,000 ni kikomo cha juu ambacho mahakama inaweza kukipunguza. Kwa Kenya, kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinaweka ukomo kwamba jumla ya makato kwa wakati mmoja isizidi theluthi mbili za mshahara. Mkataba ninaoutathmini ulimruhusu mwajiri achukue mshahara wote wa mwisho pamoja na malipo ya likizo. Kama huna wakili, chama cha marubani au chama cha wafanyakazi mahali pako ndipo pa kuanzia kuuliza.

Ili kupima mkataba huu kwa haki nimeulinganisha na yanayotokea kwingine. Nchini Marekani, baada ya ajali ya Colgan Air karibu na Buffalo mwezi Februari 2009, Bunge lilipitisha sheria mwaka 2010 ambayo matokeo yake ni kwamba rubani msaidizi wa shirika la abiria huhitaji leseni ya juu, na kwa kawaida saa 1,500 za kuruka. Vijana wengi hujikusanyia saa hizo kwenye kampuni ndogo zenye Caravan na ndege za mizigo, na baadhi ya kampuni hizo zimewafikisha mahakamani marubani waliotoka mapema zikidai fedha za mafunzo. Mwaka 2022 mamlaka ya kulinda watumiaji wa huduma za fedha ya nchi hiyo ilianza kuuliza umma kuhusu madeni ya namna hii yanayotokana na waajiri, ikiyatazama kama bidhaa ya mkopo. California imekwenda mbali zaidi: sheria yake ya Oktoba 2025, inayohusu mikataba iliyosainiwa kuanzia 1 Januari 2026, inakataza kwa sehemu kubwa kumdai mfanyakazi fedha kwa sababu ameondoka, na kubakiza milango michache, ukiwamo wa kulipia sifa inayohamishika ambayo si sharti la kazi husika, kwa masharti kwamba deni lisizidi gharama, lipungue kwa uwiano wa muda, na lisidaiwe mfanyakazi akiachishwa bila kosa kubwa. India ilichagua njia ya notisi: tangu 2017 kanuni za mamlaka ya anga zinamtaka nahodha atoe notisi ya mwaka mmoja na rubani msaidizi miezi sita. Kanuni yenyewe haimwekei rubani deni, lakini mwaka mzima ni muda mrefu wa kumngoja mtu, na mwajiri mpya mara chache hungoja.

Ukiuweka mkataba wetu kando ya masharti ya California, unafeli karibu yote. Hata hivyo ningekuwa mwongo kama ningewashauri vijana waukatae moja kwa moja. Mbadala wa wengi ni kujilipia mafunzo ya aina ya ndege kwa mkopo wa benki au kwa shamba la familia, bila ahadi ya kazi, na nimewaona wenye leseni iliyoandikwa aina ya ndege ambayo hawajawahi kuirusha na abiria hata siku moja, wakisubiri mpaka uhalali wa mafunzo unakwisha. Bondi iliyoandikwa vizuri ni bora mara nyingi kuliko hali hiyo.

Jambo linalonipa moyo ni kwamba mkataba huu ulibadilika ulipojadiliwa. Kundi letu liliandika barua moja yenye saini zetu zote, tukaomba mambo machache kwa lugha ya adabu, na ofisi ya rasilimali watu ikatuita. Walikubali kuambatisha ankara ya simuleta na kuondoa sare na safari za njiani kwenye jumla, hivyo deni likashuka. Walikubali deni lipungue kila mwezi. Waliondoa kupunguzwa kazi, na baada ya mkuu wa marubani kuzungumza nao wakaondoa pia kupoteza cheti cha afya, isipokuwa pale rubani alipodanganya. Walikataa kubadili siku ya kuanza kuhesabu, na walikataa kuondoa wadhamini, ingawa walikubali dhamana iwe ya sehemu tu na kila mdhamini ajue kiwango chake. Kwa mkataba ulivyokuwa mwanzoni ningetoa alama mbili kati ya tano, zote mbili kwa ajili ya mafunzo. Kwa ulivyotoka mezani ninatoa tatu na nusu, na ningeusaini tena.

Anayekwenda kusaini wa kwake aongeze ombi moja ambalo sisi hatukulifikiria: kifungu kinachosema ni ndani ya siku ngapi kampuni itatoa barua ya kumaliza bondi na kurudisha hati za wadhamini. Bila tarehe, karatasi hizo hukaa kabatini baada ya deni kwisha, na waajiri wa Ghuba huomba barua ya kutokuwa na deni kutoka kwa mwajiri wa zamani kabla hawajakupangia siku ya kuanza.